Si kweli kwamba Wakazakhi hawakuwa na maandishi kabla ya ukomunisti

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila mara: eti Wakazakhi, watu wa Kazakhstan huko Asia ya Kati, hawakuwa na waandishi wala wanamuziki mpaka utawala wa Kisovieti ulipowaletea herufi.

Shule zilienea kweli wakati huo, na wengi ndipo walipojifunza kusoma. Lakini gazeti la Kikazakhi lilikuwa likichapwa mjini Orenburg, Urusi, tangu 1913, kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa zamani huku pwani. Wapigaji wa dombra, ala ya nyuzi mbili, walikuwa wakirithishana tungo kwa masikio vizazi na vizazi.

Mkanganyiko unatokana na herufi zenyewe. Mwaka 1929 za Kiarabu ziliondolewa, zikaja za Kilatini; 1940 zikafuata za Kisirili, zinazotumika kuandika Kirusi. Mjukuu akashindwa kusoma daftari la babu yake. Isitoshe, waandishi kadhaa mashuhuri waliuawa miaka ya 1937 na 1938, na kazi zao zikapigwa marufuku.

Ukitaka kuhakiki, tafuta picha za magazeti ya kabla ya 1917, mwaka wakomunisti walipotwaa madaraka, utazame tarehe na herufi. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.