Kilo 12 za Ami: Dhana Nne Kuhusu Kukisia kwa Wastani

Daftari la ami yangu liliingia maji mashuani, hapa Amu. Kurasa zote ziligeuka uji isipokuwa jumla ya mwisho: safari 40, kilo 480. Sasa anataka sanduku la barafu na anauliza: nikinunua la kilo 24, mara ngapi samaki watazidi? Swali hilo linadai mgawanyo wa uwezekano, yaani kila uzito wa samaki una nafasi gani ya kutokea, nasi tuna wastani tu, kilo 12.

Dhana: Wastani ni 12, basi safari nyingi zilikaribia 12.
Safari 39 za mikono mitupu na moja ya kilo 480 zina wastani huo huo.

Dhana: Usipojua, chora kengele.
Hii ni ya waliosoma, na ndiyo inayoniudhi. Mgawanyo wa kawaida, ule ambao mchoro wake una umbo la kengele, unataka namba mbili, wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani), na ya pili imeliwa na maji. Ukiibuni, tuseme iwe 12 vilevile, kengele itadai kwamba karibu safari moja katika kila sita Ami alirudi na samaki pungufu ya sifuri. Nilipomwambia akacheka: "Kwani bahari ilikuwa ikinidai?"

Njia yenye hoja aliieleza mwanafizikia E. T. Jaynes mwaka 1957, kwa kipimo cha entropia, yaani kiasi cha kutojua kilichomo katika mgawanyo, alichokitoa mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1948. Katika migawanyo yote inayokubaliana na unachokijua, shika wenye entropia kubwa kuliko yote, yaani usioongeza neno ambalo hukuambiwa. Ukijua wastani tu, na kwamba namba haishuki chini ya sifuri, unapata mgawanyo wa kieksponenshali, ambao uwezekano ni mkubwa karibu na sifuri na hupungua kadiri namba inavyokua. Kengele nayo hutoka humo humo, ila pale unapojua wastani na mkengeuko, na namba ina ruhusa ya kwenda pande zote mbili. Kwa Ami, takriban 63% ya safari ziko chini ya kilo 12, na zinazopita 24 ni 13.5%, kama tano katika 40.

Dhana: Kutojua maana yake ni kugawa sawa kwa sawa.
Sawa ya nini? Chukua safari ya maili 6 inayochukua muda wa saa moja hadi tatu. Ukigawa sawa kwa muda, uwezekano wa kufika ndani ya saa mbili ni nusu. Ukigawa sawa kwa mwendo, maili 2 hadi 6 kwa saa, ni robo tatu. Mashua ni ile ile. Entropia yenyewe haikupona ugonjwa huu: lazima kwanza uchague kipimo. Mimi nilichagua kilo kwa kuwa samaki huuzwa kwa kilo.

Dhana: Jibu hilo ndiyo tabia ya bahari.
Ni picha ya tunachokijua tu. Jioni Ami akakumbuka kwamba hakuwahi kurudi na chini ya kilo 5. Kwa neno hilo moja, safari zinazopita 24 zikashuka hadi 6.6%, mbili au tatu. Kisha mwanawe akauliza kama safari za kusi zilihesabiwa pamoja na za kaskazi, tukaanza upya.