Je, wajua kwa nini wageni wa heshima wa Canary Wharf walifunguliwa kondoo na nyuki?

Mwaka 1986 wakubwa walikusanyika Isle of Dogs, rasi ya mashariki mwa London ambayo mto Thames umeizunguka pande tatu, kuzindua mradi wa Canary Wharf, mtaa mpya wa ofisi za mabenki kwenye eneo la bandari ya zamani. Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza alikuwepo. Ghafla kundi la kondoo likaachiliwa katikati ya wageni, na nyuki nao wakafunguliwa. Mwenye nyuki hahitaji kipaza sauti.

Waliofanya hivyo walikuwa wenyeji wa hapo hapo. Sasa ajabu ni hii: bandari yao ilishakufa, maghala yalikuwa matupu, kazi hakuna. Mtu anakuja na fedha za kujenga, wewe unamfungulia nyuki?

Tuanze na kilichoiua bandari yenyewe: kontena. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha masanduku makubwa 58 ya mizigo kwa meli moja kutoka Newark hadi Houston. Wakati huo London bado ilikuwa ikipakua shehena gunia kwa gunia, pipa kwa pipa. Kila asubuhi wanaume walisongamana getini wakimsubiri msimamizi anyooshe kidole, na asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Hao ndio sisi tunawaita vibarua, na mtindo huo ulikomeshwa mwaka 1967 tu. Kumbe na gati zenyewe zilikuwa zimebakiza siku chache. Meli za kontena zilitaka kina kirefu na uwanja mpana wa kupanga makontena, ilhali gati za London zilikuwa mabwawa ya kuchimbwa, mengine ya tangu 1802. Kazi ikahamia Tilbury, karibu zaidi na bahari. East India Docks ikafungwa 1967, St Katharine 1968, West India 1980, Royal Docks 1981. Miaka 14, basi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Hata ilipokuwa hai, bandari ile haikuwa na nafasi ya mwenyeji kukaa kando ya maji. West India Docks ilizungushiwa ukuta wa karibu mita 6 ili sukari na ramu, mali iliyotokana na jasho la watumwa wa Karibea, isiibwe. Mtoto wa mtaa ule angeweza kukua akisikia honi za meli kila siku bila kuyaona maji yenyewe. Kwa hiyo mageti yalipofungwa, watu walidhani angalau zamu yao imefika.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher iliunda LDDC, shirika la kuendeleza eneo la bandari ya zamani, likapewa ardhi pamoja na mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi, mamlaka yaliyokuwa ya halmashauri za Tower Hamlets, Newham na Southwark. Wajumbe wa bodi yake waliteuliwa, hawakupigiwa kura na mtu. Hapo ndipo palipouma. Wakazi walio wengi walikuwa wapangaji wa nyumba za halmashauri. Walichotaka ni nyumba za kodi wanayoimudu, na kazi ambazo mpakuzi wa meli anaziweza. Ofisi za mabenki hazikuwa jibu la swali hilo.

Wala hawakukaa kulalamika tu. Mwaka 1983 watu wa Royal Docks waliandika mpango wao wenyewe: nyumba zenye bustani, huduma za malezi ya watoto, na shughuli za mizigo kurudi majini badala ya uwanja wa ndege uliokuwa ukipendekezwa. Mwaka uliofuata wakapanda boti, msafara mzima, wakapandisha mto hadi Bungeni Westminster. Uwanja wa ndege ulifunguliwa hata hivyo, mwaka 1987.

Waliotetea mradi walikuwa na hoja pia, tusiwaonee. Mipango ilikuwa imejadiliwa muongo mzima na kilichojengwa kilikuwa kidogo. LDDC ilipovunjwa mwaka 1998, DLR, treni nyepesi ya eneo hilo, ilikuwa inatembea na nyumba zipatazo 24,000 zilikuwa zimejengwa. Ila mimi nikisikia idadi ya nyumba huwa nauliza bei. Nyingi zilikuwa za kuuzwa, na aliyepoteza kibarua bandarini angezinunua kwa fedha gani?

Leo unaweza kutembea Canary Wharf ukingoni kabisa mwa maji, ukuta hakuna. Lakini barabara na viwanja ni mali ya kampuni, na walinzi ni wake. Kwingineko, njia ya miguu inayofuata mto hukatika ghafla, ikakupitisha vichochoroni nyuma ya majengo ya watu binafsi, kisha ikakurudisha mtoni mbele ya safari. Baadhi ya mageti yake hufungwa usiku.

Ukifika St Katharine Docks, pembeni ya Tower Bridge, utaliona jengo la matofali lenye mnara wa saa. Linaitwa Ivory House, nyumba ya pembe, na ni la miaka ya 1850. Pembe za ndovu zilihifadhiwa humo, zikiwemo zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi pwani yetu na kupitia Zanzibar. Sasa chini ni mikahawa, juu ni fleti, na mbele yake zimefungwa boti za starehe.