Kwenye berili, anza na ufa
Mhandisi anayeiona berili kwenye jedwali la metali kwa mara ya kwanza huipenda papo hapo. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.85 tu, wakati alumini ina 2.7. Tena ni kakamavu: inakataa kunyumbuka chini ya mzigo karibu mara moja na nusu kuliko chuma cha ujenzi. Ndiyo maana vipande 18 vya kioo kikuu cha darubini ya anga ya James Webb vimetengenezwa kwa berili. Lakini soma jedwali hadi mwisho. Ukiivuta katika joto la kawaida hurefuka asilimia chache tu, kisha inakatika.

Chanzo kimo ndani ya fuwele. Atomi zimejipanga kwa umbo la pembesita, na tabaka huteleza kwa wepesi sambamba na kitako chake tu. Mzigo ukija kutoka upande mwingine, fuwele haina pa kutelezea, basi inapasuka.

Kwa hiyo mimi siulizi kwanza metali hii inabeba mkazo kiasi gani, yaani nguvu kwa kila eneo, inayopimwa kwa megapaskali. Nauliza: ufa wa ukubwa gani utaivunja? Ukinzani wa berili dhidi ya ufa ni takriban megapaskali 10 zikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha mita. Chukua bamba pana lenye ufa katikati, livute kwa megapaskali 200. Ufa wenye nusu-urefu wa milimita 0.8 unatosha kulimaliza. Aloi ya alumini yenye ukinzani wa 30 ingevumilia milimita 7. Ukinzani umezidi mara tatu, ufa unaovumilika umezidi mara tisa, kwa kuwa urefu wake hufuata mraba wa ukinzani. Kwa sababu hiyohiyo, ukipunguza mkazo kwa nusu unapata nafasi mara nne. Kwangu hiyo ndiyo dawa ya kwanza, kabla ya kufikiria aloi nyingine.

Tundu la duara nalo hukuza mkazo ukingoni mwake mara tatu. Chuma laini hujilegeza kidogo pale na kuugawa mzigo kwa jirani. Berili haina subira hiyo. Chora kona za mviringo mpana, na usiweke hesi mahali panapovutwa.

Jambo linalopuuzwa mno ni karakana. Kisu cha kukerezea huacha nyufa ndogo chini ya uso, hata kama uso wenyewe unang'aa. Tabaka hilo, mara nyingi sehemu ya kumi ya milimita, liondolewe kwa asidi. (Vumbi la berili huharibu mapafu, kwa hiyo kazi yote ifanyike kwenye karakana maalumu.) Ukaguzi wa rangi ya kupenya, yaani rangi inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha, ufuate baada ya asidi, kamwe si kabla, kwani kisu husukuma metali na kuziba midomo ya nyufa, na rangi haitaingia.