Kumtwika Mungu fadhaa: maana yake

Nimesikia tena mtu aliyefiwa akiambiwa, "Usiwaze, mtwike Bwana, ishi leo." Msemaji alikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini kwa jinsi alivyolitamka, "mtwike" lilimaanisha "nyamaza," na mfiwa alinyamaza kweli.

Kumtwika Mungu fadhaa ni kumkabidhi kwa sala jambo linalokulemea, ukiamini kwamba analishughulikia, ili leo uweze kufanya lililo la leo. Maana yenyewe ni hiyo.

Shida iko kwenye kitenzi. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Kinyume chake ni kutua, yaani kuuteremsha. Vitenzi hivi ni ndugu wa shina moja la Kibantu, la kubeba kichwani. Anayetua anahitaji mahali tu pa kuuweka mzigo. Utabaki pale chini, na mwenyewe akiondoka itabidi auinamie tena. Anayetwika anahitaji mtu wa kuupokea. Kwa hiyo tunapomwambia mwenzetu "achilia tu, sahau," tunamwambia atue, wala hatujamtajia wa kumpokea.

Waliotafsiri Biblia ya Union Version walilichagua neno vizuri mno. 1 Petro 5:7 inasema, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Kitenzi cha Kigiriki hapo kina maana ya kutupia kitu juu ya kingine. Ndicho alichotumia Luka (19:35) kwa wanafunzi waliotupia nguo zao mgongoni mwa mwana-punda. Petro naye anarudia lugha ya Zaburi 55:22, "Umtwike BWANA mzigo wako naye atakutegemeza." Tazama ahadi ilivyo: atakutegemeza wewe. Zaburi haisemi kwamba jambo lenyewe litatoweka, na aliyeiandika alikuwa akilia kwa kusalitiwa na rafiki aliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu. Hakunyamaza hata kidogo. Jioni, asubuhi na adhuhuri, asema, atalalama na kuugua.

Kuna na lile "huku," ambalo wengi hulikata wanapolinukuu andiko. Linaufunga mstari wa 7 na ule wa 6, unaotuita tunyenyekee chini ya mkono wa Mungu. Kumtwika, basi, ni sehemu ya unyenyekevu: unakiri kwamba kichwa chako hakiwezi mzigo huu. Mtu anayejifanya hana mzigo hajafika hapo bado.

Na "ishi leo"? Yesu alisema tusiisumbukie kesho, halafu akaongeza, "Yatosha kwa siku maovu yake" (Mathayo 6:34). Leo nayo ina taabu yake, naye hakuificha. Wala kupanga hakukatazwa. Nomino ya Kigiriki inayotafsiriwa "fadhaa" katika Petro ndiyo Paulo anayoitumia kwa uzito aliokuwa nao kila siku kwa ajili ya makanisa yote (2 Wakorintho 11:28), na kitenzi chake anakitumia kwa viungo vya mwili kutunzana (1 Wakorintho 12:25). Kujali kwa namna hiyo anakusifu. Kinachokatazwa ni kuibeba kesho kana kwamba hakuna Baba.

Halafu Luka 9:23, katika Kiswahili chetu, inatumia kitenzi hichohicho cha kutwika: "ajitwike msalaba wake kila siku." Fadhaa tunamtwika yeye, msalaba tunajitwika wenyewe, na wa siku moja kwa siku moja. Sijui kwa nini hatuhubiriwi mistari hii miwili pamoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu, endelea kusema "mtwike Bwana." Ni neno jema. Ila mwulize mwenzako kwanza ni mzigo gani, ukae naye autaje kwa sauti, maana hata kichwani mtu hutwikwa vizuri akiwapo wa kumsaidia kuunyanyua.