Kwa Nini Usiku Lori la Mbali Husikika Kama Liko Mlangoni?

Je, wajua ni kwa nini mtu anayeishi Kiamunyi au Milimani, Nakuru, anaweza kushinda mchana kutwa bila kusikia lori hata moja, kisha saa nane za usiku akasikia trela likipunguza gia kwenye barabara kuu kana kwamba linapita nyuma ya jiko lake? Barabara haijasogea. Lori ni lile lile, na huenda mchana yalipita mengi zaidi.

Wengi hujibu kwamba usiku kuna kimya, basi. Ni kweli, ila hiyo ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine iko hewani, juu ya mabati yetu, na ndiyo inayonivutia zaidi.

Tumalize ya kwanza haraka. Mtaa unaoitwa mtulivu una kelele zake mchana: fundi anakata vyuma kwenye nyumba inayojengwa, anayenunua vyuma kuukuu anapita akiita, bodaboda inaleta gesi, redio iko jikoni, majani ya mikaratusi yanavuma. Hakuna hata moja inayokera, lakini zote kwa pamoja huifunika sauti hafifu inayotoka mbali. Saa nne za usiku zikizimika, sikio hubaki na nafasi. Kinachosikika sasa ni kile kilichokuwa kikifunikwa.

Lakini kama hilo lingekuwa jibu zima, usiku wote wenye kimya ungefanana. Haufanani. Kuna usiku ambapo honi ya treni husikika wazi hadi unaweza kukisia imefika wapi, na kuna mwingine, mtulivu vile vile, ambapo husikii chochote. Tofauti huletwa na joto.

Sauti husafiri kasi zaidi katika hewa yenye joto. Hewa ikiwa na nyuzi 25, sauti huenda karibu mita 346 kwa sekunde. Ikishuka hadi nyuzi 12, huenda karibu mita 338. Pengo hilo ni dogo, lakini linatosha kuigeuza njia ya sauti. Fikiria mkokoteni ambao gurudumu moja liko kwenye lami na jingine limeingia matopeni. La lami linatangulia, la matopeni linachelewa, na mkokoteni wote unageukia upande wa matope. Wimbi la sauti hufanya vivyo hivyo: hupindia upande ambako hewa ni baridi na mwendo ni wa polepole.

Sasa tazama mchana wa Nakuru. Jua linapiga ardhi, ardhi inachemka, na hewa iliyoigusa inapata joto kuliko ya juu yake. Upande wa baridi uko juu. Sauti ya lori hutoka barabarani, ikapinda kuelekea mawinguni na kupita juu ya nyumba. Ukisimama uani kilomita mbili kutoka hapo, uko mahali ambapo sauti imeruka.

Jua likizama, mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto lake upesi, hasa mbingu zikiwa wazi, na hewa iliyolala juu yake hupoa kuliko ile ya juu. Upande wa baridi sasa uko chini. Sauti iliyokuwa ikipanda hurudishwa chini, ikigonga ardhi hudunda, ikipanda tena hupindishwa tena. Inasafiri hivyo ikiambaa ardhini, badala ya kutawanyika angani. Ndiyo maana trela la mbali huingia hadi kitandani kwako.

Mawingu hubadilisha hesabu. Yakitanda, hurudisha chini sehemu ya joto linalotoka ardhini, na hewa ya chini haipoi sana. Upepo nao ukivuma kwa nguvu huchanganya ya chini na ya juu. Kwa hiyo usiku unaosafirisha sauti vizuri zaidi ni ule wa nyota, usio na upepo, wenye baridi inayokulazimisha kutafuta sweta. Mwenyeji wa Nakuru anaujua: ni kama ule wa Januari na Februari, mchana jua kali, alfajiri vidole vinakufa ganzi.

Na Nakuru imekaa mahali pake hasa. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Bonde la Ufa. Kaskazini kuna mlima wa volkeno wa Menengai, ambao kilele chake kinafika mita 2,278, na kusini kuna ziwa. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka miinuko hiyo na kutuama chini. Reli ambayo imepita hapa tangu mwaka 1900 iko upande wa chini wa mji, na barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret inakatiza mji huo huo. Milimani iko juu, kwenye mteremko wa Menengai. Anayeishi huko ana bustani, ana miti ya jakaranda, na pia hana kizuizi chochote kati ya dirisha lake na kelele zote zilizo chini yake.

Watu hujenga ukuta. Ukuta husaidia kama kelele iko karibu, mfano pikipiki inayopita getini. Kwa sauti inayotoka mbali usiku hausaidii sana, kwa sababu sauti hiyo inateremka kutoka juu na kuuruka. Ua wa kayaba, hata ukiwa mnene namna gani, huzuia mwizi na mbuzi, si sauti. Tena hewa yenyewe hula sauti nyembamba upesi kuliko nzito. Ndiyo sababu muziki wa baa iliyo mbali hukufikia ukiwa besi tupu, bila maneno ya mwimbaji. Hiyo besi hupinda pembeni mwa ukuta na kupenya dirishani kirahisi, na kwangu hiyo ndiyo inayochosha kuliko zote.

Mifano mingine iko wazi ukishajua. Adhana ya alfajiri hufika mbali kuliko ya adhuhuri, ingawa kipaza sauti ni kile kile. Simba, kama wale wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, hunguruma zaidi usiku na kabla ya kupambazuka, saa ambazo sauti yao inakwenda mbali zaidi. Huko Vihiga na Kakamega, muziki wa disko matanga kwenye kilima kimoja huwakesha walio kilima cha pili, nao hawajui hata aliyefariki ni nani.

Kisumu ni tofauti kidogo, kwa sababu huko upepo ndio wenye neno. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja bara. Usiku hugeuka ukatoka bara kwenda ziwani. Upepo wa juu huwa na kasi kuliko unaogusa ardhi, kwa hiyo sauti inayokwenda nao hupindishwa chini, na inayoukabili hutupwa juu. Mvuvi wa omena aliye majini na taa zake usiku husikia mazungumzo ya ufuoni vizuri, lakini yeye akiita, wa ufuoni wanaweza wasimsikie.

Sheria inalijua hitaji la usiku. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 tu usiku. Ninaziunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya wagonjwa na watoto wachanga. Lakini mwenye baa akipima kelele yake saa nane mchana, akaona haifiki mtaa wa pili, hajapima kitu. Hewa itakayoibeba saa nane usiku ni nyingine.

Vivyo hivyo anayenunua ploti. Dalali atakupeleka saa sita mchana, jua la utosi, wakati sauti zote zinapaa, na utasikia ndege tu. Rudi peke yako au na mwenzako alfajiri, kama saa kumi na moja hivi, siku isiyo na mawingu wala upepo. Zima gari, shusha vioo, ukae robo saa. Usingoje jua lipande, kwani likishapasha ardhi joto, ukafika saa tatu, barabara kuu itakuwa imenyamaza tena.