Insulini ya Muda Mrefu: Yanayosemwa Kwenye Benchi la Kliniki na Yaliyo Kweli

Siku ya kliniki ya sukari, kabla sista hajaita faili ya kwanza, benchi huwa limeshatoa ushauri wa kujaza daftari. Mmoja ana kalamu ya insulini mkobani, mwingine ana chupa aliyoifunga kwa leso, na wa tatu ameambiwa leo ndiyo anaanza, naye anatafuta mtu wa kumwambia asianze. Mengi yanayosemwa pale ni kweli tupu. Mtu aliyejidunga miaka na miaka anajua mambo ambayo daktari kijana hajayaona. Lakini yapo mengine yaliyorudiwa sana, hapa Nairobi kutoka Kayole hadi Kawangware, mpaka yanafuatwa kama maagizo ya dawa. Nikiyachunguza, mengi yanatoka kwenye shina moja: watu wanaamini insulini yote ni ya chakula.

Ile ya haraka, ndiyo, ni ya chakula. Hii ya muda mrefu ina kazi nyingine. Ini huweka akiba ya sukari na kuitoa kidogo kidogo, mchana na usiku, ili ubongo usikose nguvu hata ukiwa umelala. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hutoa insulini kidogo wakati wote na kulizuia ini lisizidishe. Kongosho likichoka, ini linabaki bila wa kulizuia. Ndiyo maana mtu anakula ugali kidogo na sukuma wiki saa moja jioni, hatii kitu kingine mdomoni, halafu alfajiri anapima na kukuta 14 (milimoli kwa lita). Hajaiba chakula usiku. Hiyo sukari imetoka ndani yake mwenyewe, na insulini ya muda mrefu ndiyo inayotumwa kuituliza.

“Sijala, kwa hivyo leo sidungi”

Hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu inasikika kama busara. Mtu ana malaria au tumbo limemvuruga, hawezi kumeza hata uji, na nyumbani wanamwambia aache sindano sukari isije ikashuka. Kumbe mwili ukiugua, homoni zinazopambana na ugonjwa hulisukuma ini litoe sukari zaidi. Mgonjwa hajala siku nzima na mashine inasoma 19. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kuruka sindano ya muda mrefu kunaweza kumfikisha kwenye tindikali ya damu ndani ya siku moja au mbili: kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kasi na kwa kina, harufu ya matunda mdomoni. Hapo ni hospitali mara moja, si kungoja kukuche.

Sasa, angalieni mahali ambapo benchi linaweza kuua mtu kwa nia njema. Aliye na Lantus, ambayo ni ya muda mrefu, anamwambia jirani yake, “Hata usipokula, dunga tu.” Jirani yake anatumia Mixtard. Mixtard 30 ni mchanganyiko: asilimia 30 ni insulini ya haraka kidogo inayotarajia chakula, na 70 ni ile ya kati. Huyu akidunga dozi yake kamili na asile, sukari itamshukia. Wote wawili wanasema “insulini”, wote wanadunga tumboni, ila sheria zao za siku ya ugonjwa si moja. Muulize daktari ukiwa mzima, na akuandikie: siku nikiwa siwezi kula, nidunge yuniti ngapi, nipime mara ngapi, na nikifika ngapi nije. Watumiaji wengi wa insulini ya muda mrefu huambiwa waendelee nayo, wengine waipunguze kidogo.

Na mashine ikisoma chini ya 3.9, habari ya sindano ngoja kwanza. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda nusu glasi (si ile isiyo na sukari), subiri dakika 15, pima tena. Mtu akiwa hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali.

“Insulini ndiyo iliyomkata mguu”

Kila mtaa una hadithi hii. Mzee fulani alikuwa anatembea vizuri na vidonge vyake, wakampa insulini, mwaka haukuisha akakatwa mguu. Au shosho aliyeanza sindano akapofuka. Siwezi kuwacheka wanaosimulia, kwa sababu wanachosimulia walikiona kweli. Walichokosa kuona ni miaka iliyotangulia.

Utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba mtu wa kisukari cha aina ya pili, siku anapogunduliwa, tayari amepoteza karibu nusu ya uwezo wa kongosho lake kutengeneza insulini. Vidonge vinasaidia, uwezo unaendelea kupungua. Halafu inapofika siku ya kuambiwa “sasa sindano”, mgonjwa anaomba apewe miezi mitatu ajaribu lishe. Anajaribu miti shamba ya kununua kwenye matatu. Anahama kliniki. Anaanza insulini akiwa amekaa na sukari ya 18 kwa miaka, miguu imeshakufa ganzi, kidonda kimeshaanza chini ya kidole ambacho yeye hakisikii. Insulini imefika kwenye nyumba inayoungua, na majirani wanasema gari la zima moto ndilo lililoleta moto.

Upande wa macho kuna ukweli wenye mikunjo zaidi, na ni vizuri usemwe wazi. Kwanza, sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo na mtu huona ukungu kwa wiki kadhaa. Hali hiyo hupita yenyewe, kwa hivyo usikimbilie kununua miwani wiki ya pili, maana baada ya mwezi mmoja au miwili haitakufaa. Pili, kama mishipa ya nyuma ya jicho ilikuwa imeshaharibika, kushusha sukari kwa ghafla sana kunaweza kuizidisha kwa muda. Hilo linajulikana kwa madaktari, na ndiyo sababu ya kutaka macho yapimwe kwa matone ya kupanua mboni karibu na wakati wa kuanza. Mbele ya safari faida ni kubwa: utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 kwa watu wa aina ya kwanza uliona kwamba kuidhibiti sukari kwa bidii kulipunguza kuanza kwa ugonjwa wa macho kwa asilimia 76.

Kuhusu saratani, ambayo nayo huzungumzwa: hofu juu ya Lantus iliibuka mwaka 2009. Utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 12,500 kwa takriban miaka sita, ukatolewa mwaka 2012, haukuona ongezeko.

“Ukianza, huachi”

Aina ya kwanza haachi, kweli, kama vile hawezi kuacha kupumua. Wa aina ya pili wengine wameacha: waliopunguza uzito sana, waliowekewa insulini wakiwa wamelazwa kwa ugonjwa mwingine au wakitumia dawa za steroidi. Mama aliyepata sukari ya ujauzito mara nyingi huacha akishajifungua. Wanaoendelea nayo hawajazoea dawa kama mlevi wa chang'aa. Mwili umepungukiwa na kitu, unarudishiwa kitu hicho hicho.

“Hii ya bei ni kali zaidi, ile ya chupa ni ya maskini”

Hapa nina hasira kidogo. Nimemwona mama akiacha kununua chakula cha wiki ili apate kalamu, kwa sababu aliambiwa dukani kwamba chupa ya hospitali “ni ya zamani”. Ya zamani ni kweli: insulini aina ya Insulatard, yaani ile ya kati, imekuwa sokoni tangu mwaka 1950, na Lantus iliidhinishwa mwaka 2000. Lakini mwaka 2003 ulitolewa utafiti uliolinganisha aina hizo mbili kwa watu 756 wa aina ya pili, na baada ya wiki 24 kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi hiyo) kilikuwa karibu asilimia 7 pande zote mbili. Tofauti ilikuwa usiku. Waliotumia Lantus walishukiwa na sukari usingizini mara chache zaidi, kwa sababu Insulatard ina kilele, saa chache baada ya kudungwa, na Lantus hutoka taratibu kwa takriban saa 24.

Kwa hivyo unayelipia kalamu unalipia usiku wenye utulivu. Kama unaamka saa nane ukiwa umelowa jasho na unatetemeka, hiyo ni sababu nzuri ya kuomba kubadilishiwa, na Shirika la Afya Duniani liliziweka insulini hizi mpya kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kama huna tatizo hilo na sukari yako ya asubuhi ni nzuri, chupa yako haina aibu yoyote. Ila usijibadilishie mwenyewe yuniti kwa yuniti. Anayetoka Insulatard mara mbili kwa siku kwenda Lantus mara moja kwa kawaida huanzishwa kwa dozi pungufu, kama asilimia 80 ya jumla ya siku.

Rangi nayo huchanganya. Insulatard na Mixtard zina ukungu kama maji ya mchele. Unaviringisha chupa polepole kati ya viganja mpaka weupe uenee sawasawa, bila kuitikisa. Lantus lazima iwe angavu kama maji. Ikipata ukungu, itupe. Na kwa kuwa ile ya haraka nayo ni angavu, wenye kalamu mbili nyumbani hushika isiyo sahihi gizani stima zikipotea. Funga raba kwenye mojawapo. Wala usivute Lantus na insulini nyingine kwenye sindano moja, haichanganywi.

“Yuniti zangu ni nyingi, basi nimezidi kuugua”

Hapana. Wengi huanzia yuniti 10 na kuongezwa mbili mbili kila siku chache, mpaka sukari ya asubuhi ikae sawa. Mwenye mwili mkubwa huhitaji zaidi. La kuangalia ni hili: asubuhi ikiwa 6 na kipimo cha miezi mitatu bado ni kibaya, tatizo liko kwenye milo, na kuongeza ya muda mrefu kutakushusha usiku bila kugusa chapati za mchana.

Kabla ya kuongezewa, jikague tumbo. Wengi hudunga pale pale kwa sababu pameshazoea na hapaumi. Lala chali, pitisha vidole vitatu polepole upande wa kitovu unaoupenda. Ukikuta uvimbe laini au sehemu ngumu chini ya ngozi, insulini inayoingia hapo inanyonywa vibaya, leo kidogo, kesho nyingi. Hama. Sogea upana wa kidole kila siku, zunguka tumbo, mapaja na makalio. Na ukitoka kwenye uvimbe kwenda kwenye ngozi safi, pima mara nyingi, kwa sababu dozi ile ile sasa itafika yote na sukari inaweza kushuka.

“Sina friji, hainifai”

Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa haihitaji friji: Lantus hukaa siku 28 chini ya nyuzi 30, Tresiba, nayo ya muda mrefu, wiki nane. Nairobi, kwa kuwa iko juu, inatusaidia. Hatari ni chumba cha mabati mchana wa Februari, dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, na kwa wenye friji, kule inakogandia barafu. Iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Kwenye kambi ya Dagahaley kule Dadaab, watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha haikupoteza nguvu ya kuhesabika. Kama jamaa wa Dagahaley wameweza, wa Githurai mwenye chungu na kitambaa chenye maji ataweza.

“Imetengenezwa na nguruwe”

Swali la Eastleigh na South C, na ni swali la haki. Zamani ilitolewa kwenye kongosho la nguruwe na ng'ombe. Tangu mwaka 1982 ipo inayotengenezwa na vijidudu vya maabara: Lantus hutoka kwa bakteria, Tresiba kwa hamira. Kwa Ramadhani, muone daktari miezi miwili kabla. Wengi huhamishia sindano wakati wa kufuturu na kupunguziwa yuniti, maana ini halifungi.

“Inakuja ya wiki, tutapumzika kupima”

Hii nimeanza kuisikia juzi juzi. Ipo: Awiqli, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2024, hudungwa mara moja kwa wiki. Lakini dozi ya Jumapili bado imo mwilini Jumatano ukianza kutapika, na hakuna wa kuitoa. Kwa watu wa aina ya kwanza, majaribio yaliona sukari ikishuka mara nyingi zaidi kuliko kwa waliotumia Tresiba ya kila siku.