Je, Wajua Kwa Nini Taa Ikisogezwa Karibu na Uso Kivuli Hulainika?

Wengi wanaoanza kupiga picha za watu studio huona kivuli kikali chini ya pua, wakadhani taa iko karibu mno, wakairudisha nyuma. Kivuli huzidi ukali. Ukaribu huongeza kiasi cha mwanga. Ulaini wa kivuli ni habari nyingine, nao hutegemea taa inaonekana kubwa kiasi gani ukiitazama kutoka pale alipokaa mtu.

Softboksi (boksi ya kitambaa inayofungwa mbele ya taa ili kutawanya mwanga) ya sentimita 60 ikiwa nusu mita kutoka usoni, mwanga humjia mtu kutoka pande nyingi kwa pamoja. Ngozi ambayo pua imeikinga na nusu moja ya boksi bado huangazwa na nusu ya pili, hivyo ukingo wa kivuli hufifia taratibu. Boksi hiyohiyo ikiwa mita 3, kwa uso ule ni kidoa tu, na kivuli hukatika ghafla. Ndiyo maana jua, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, hutoa vivuli vikali: liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Mawingu yakilifunika, mbingu nzima hugeuka kuwa taa.

Ukiwa na rafiki mwenye subira, jaribu. Mkalishe kwenye stuli mita 1 mbele ya ukuta mweupe. Zima taa za chumba na ufunge mapazia. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata (mlango unaofunguka kupitisha mwanga) sekunde 1/125, na tundu la lenzi f/8; namba ya f ikikua, tundu hupungua. Simamisha flashi yenye softboksi pembeni mwa kamera, kama nyuzi 45, juu ya usawa wa macho, ikimwinamia. Piga taa ikiwa mita 2, kisha mita 1, kisha nusu mita.

Kila umbali ukipungua kwa nusu, mwanga unaofika usoni huwa mara nne, yaani stopu mbili (kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili). Kwa hiyo ukitoka mita 2 kuja 1, punguza nguvu ya flashi hadi robo, au toka f/8 uende f/16. Usihangaike na shata: mmweko wa flashi huisha kabla shata haijafunga, kwa hiyo kuibadilisha hakupunguzi mwanga wake. Ukipita kasi ambayo kamera yako inaafikiana na flashi, mara nyingi karibu 1/200, utaona utepe mweusi upande mmoja wa picha. Hilo ni pazia la shata lililokuwa limeanza kufunga.

Sasa tazama ukuta. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, ukuta uko kama mita 2 kutoka kwenye taa, nao hupata robo ya mwanga wa uso. Taa ikiwa nusu mita, hupata kama sehemu moja ya tisa, na ukuta mweupe hutoka kijivu cha giza bila kupakwa rangi. Irudishe taa mita 3, ukuta hupata zaidi ya nusu. Usoni ni vivyo hivyo: kwa nusu mita, shavu la karibu hupata mwanga mara 1.7 ya sehemu iliyo sentimita 15 nyuma yake. Tofauti hiyo ikizidi, weka ubao mweupe wa stairofomu upande wa pili, nje kidogo ya picha.

Kwa ngozi nyeusi, ukaribu una faida ambayo wengi hawaijui. Mng'ao wa paji la uso ni taswira ya taa yenyewe, na ukali wake haubadiliki ukiisogeza. Ngozi ndiyo inayozidi kuangazwa. Ukishapunguza nguvu ya flashi ili ngozi irudi pale ilipokuwa, mng'ao hushuka nao na kutanda, badala ya kuwa doa jeupe lisilo na rangi. Poda kidogo bado inasaidia, hasa kama chumba kina joto.

Miwani ndiyo huleta shida, kwa sababu taa kubwa iliyo karibu hujaa kwenye vioo. Ipandishe taa kidogo, au inua mikono ya miwani juu ya masikio kwa sentimita 1 ili vioo viinamie chini. Usiipandishe taa mno, kwani kile kinukta cheupe ndani ya jicho kitapotea na macho yataonekana yamezima.

Na wakikaa watu wawili bega kwa bega, taa ya nusu mita haifai: wa karibu atatoka mweupe kwa mwanga kuzidi, wa pili abaki gizani. Hapo irudishe mita 2 au 3 na utumie softboksi kubwa zaidi.